Jiwe la Ajiambo

Tulipomaliza kumzika Shangazi Perpetua, waombolezaji wakaanza kutawanyika na sufuria kubwa zikaanza kuoshwa, binamu yangu Ajiambo aliniita nyuma ya jikoni. Mikono yake ilinuka udongo. Siku ya kumzika mama yake mzazi! Nilitaka kumwuliza alipata wapi nafasi ya kushika udongo siku kama hiyo, nikajinyamazia. Akanipa kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha leso. Sikuhitaji kukifungua. Mkono wangu uliujua uzito wake.

Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha. Kama hujawahi kuishi na wafinyanzi huwezi kuijua. Watu husema udongo unanuka mvua, lakini wanaosema hivyo hawajawahi kuchimba. Udongo wa chungu unanuka matope yaliyokaa chini ya maji ya kinamasi, ukichanganyika na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Huingia kwenye kucha, ukakaa siku tatu hata ukinawa kwa sabuni ya kipande. Mimi nina kucha za kupaka rangi sasa, na bado kuna siku nazinusa nikiitafuta.

Mnaonifahamu pale Malaba mnaijua sauti yangu. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni makaratasi ya malori, na tangu asubuhi mpaka jioni nabishana na madereva na maturnboi, wasaidizi wao, ambao kila mmoja anataka lori lake livuke kwanza. Kubishana hakunisumbui. Lakini niwaambie ukweli: utotoni sikuwa mtu wa kubishana, nilikuwa mtu wa kuumiza. Nilipigana shuleni, nilipigana kwenye foleni ya maji, na mtoto mmoja wa jirani nilimng'ata sikio mpaka mama yake akaja mbio na mwiko mkononi. Mama yangu alikuwa na kibanda cha chakula, akiwapikia madereva. Siku niliyomwagia mwenzangu uji kwa sababu ya kucheka viatu vyangu, Mama hakunipiga. Alifunga nguo zangu kwenye mfuko wa karatasi, akaniambia, "Unaenda Nambale kwa shangazi yako. Mimi nimeshindwa."

Lile neno "nimeshindwa" liliniuma kuliko fimbo yoyote.

Shangazi Perpetua alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mfupi, mpana, na hasira zake mwenyewe hazikuwa haba. Msidhani alikuwa mtu wa mawaidha. Maneno yake yalikuwa "toka hapo," "lete maji," na "nani ameacha mlango wazi, kuku ni za mama yako?" Alifinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, na ile mitungi mikubwa ya pombe ambayo wazee huizunguka wakinyonya kwa mirija mirefu. Watu walitoka mpaka Moding kuja kuagiza kwake.

Nilifika nikiwa nimejiandaa kuchukia kila kitu. Badala yake, siku ya pili nilimwona akiviringisha udongo kama kamba nene, akaupanga duara juu ya duara, akaulainisha kwa kipande cha kibuyu, na kabla uji haujaiva pale palikuwa na chungu. Yawa! Nilisahau kununa. Tangu dakika hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, kukaa kwenye ule mkeka na kuambiwa, "Haya, shika udongo."

Lakini mkeka ulikuwa na mwenyewe. Ajiambo alinizidi mwaka mmoja, msichana mkimya, vidole virefu, na kazi yake ilikuwa kung'arisha. Chungu kikianza kukauka husuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae. Jiwe la Ajiambo lilikuwa jeusi, kama yai la kuku kwa ukubwa, na lilitoka kwa kukhu, nyanya yetu, aliyelitumia maisha yake yote. Lilikuwa laini ajabu. Ajiambo alilala nalo chini ya mto. Mimi nilipewa kazi ya kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, ili vichanganywe na udongo mpya. Vumbi puani, mikono imejaa malengelenge, huku yeye amekaa kivulini anasugua taratibu kama malkia. Wivu ukanishika.

Jioni moja Ajiambo alienda kuoga. Nililitoa lile jiwe chini ya mto, nikaenda nalo mpaka choo cha shimo nyuma ya migomba, nikaliachilia. Nilisikia likitua. Nilitarajia kufurahi, na kusema kweli nilifurahi, kwa muda wa kutoka chooni mpaka jikoni.

"Nabwire, umeona jiwe yangu?" aliniuliza.

"Jiwe gani?"

"Jiwe ya kukhu."

"Mimi nitaona wapi? Kwani mimi ndio nang'arisha?"

Alitafuta kwa taa, akapekua majivu, akawauliza watoto wa Mama Wandera, jirani yetu aliyefinyanga pamoja na Shangazi, mpaka wakagombana. Usiku alilia polepole, akidhani nimelala. Nilimsikia.

Sasa, asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kwenda kuchimba, na hapa lazima nieleze. Wanawake wale hawakushuka kinamasini hivi hivi. Wakifika ukingoni walisimama, na mkubwa wao akauliza kila mmoja, "Uko sawa na watu?" Mwenye ugomvi alisema wazi, na kama hajaumaliza alikaa kando siku hiyo. Waliamini udongo uliochimbwa na mtu mwenye neno moyoni utapasuka motoni. Walisema hivyo kwa utulivu tu, kama mtu anayekuambia usianike nguo mvua ikikaribia.

Mama Wandera alisema aligombana na mumewe lakini wamemaliza. Ikafika kwa Ajiambo. Akainamisha kichwa.

"Mimi siko sawa. Mtu amechukua jiwe yangu, na nikimjua sitamsamehe."

"Basi kaa hapo," Shangazi akamwambia. Akakaa kwenye nyasi, magoti pamoja, mwenyewe na ukweli wake. Kisha Shangazi akanigeukia. "Na wewe?"

"Niko sawa na watu wote," nikasema.

"Kweli? Wewe?" Wanawake wakacheka. "Haya, leo kuna upungufu wa mikono. Shuka, uchimbe."

Hivyo ndivyo nilivyoshika udongo kwa mara ya kwanza. Ulikuwa baridi, mzito, ukinivuta vidole kama mtoto asiyetaka kuachwa. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, na nilipouinua nikatazama ukingoni. Aliyesema kweli alikuwa amekaa kwenye nyasi, na mwongo alikuwa ndani ya shimo.

Njiani kurudi, karai kichwani, Shangazi alisema bila kumtazama mtu, "Huu ni udongo wa mitungi ya Mama Amoit wa Moding. Wakwe wake wanakuja. Mtu akiniharibia huu, hatagusa udongo wangu tena. Hata akiwa nani."

Nilifanya nini? Nilikata shauri kuwa mtu mwema. Msicheke. Nilikuwa mtoto, na niliona wazi kwamba kuna ufa ndani ya ule udongo na ufa huo ni mimi, na kwamba kila jambo jema nitakalofanya kabla ya siku ya moto litauziba kidogo. Kukiri sikukuwaza kabisa. Nilikuwa tayari kwa kazi yoyote isipokuwa hiyo moja.

Na nilifanya kazi, haki ya Mungu! Niliamka kabla ya jogoo nikachota maji zamu ya Ajiambo. Nilikata kuni zake. Shuleni msichana mmoja alinisukuma makusudi nikaanguka matopeni, nikainuka, nikauma mdomo mpaka nikaonja damu, nikaenda zangu. Kwenye chakula nilimwachia Ajiambo minofu, nikabaki na mfupa.

"Wewe, unaumwa?" Ajiambo aliniuliza.

"Hapana."

"Basi mbona unanitisha?"

Kila nilipopita pale mitungi ilipokuwa ikikauka, ndani ya nyumba karibu na mafiga, niliikagua kwa macho. Ilikuwa mizuri. Ajiambo aliing'arisha kwa kipande cha kibuyu kwa kukosa jiwe, ikang'aa nusu nusu, na kila alipokipitisha kibuyu alikuwa akivuta kamasi. Mvua ilinyesha juma lile zima. Mama Amoit alikuja mara moja kuangalia, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa. "Wakwe ni Jumamosi, dada," akasema. "Usiniaibishe." Shangazi akajibu, "Nimewahi?"

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya moto, niliamka nikamkuta Shangazi peke yake na mitungi. Aliinamia ule mkubwa kuliko yote, akaweka shavu lake juu ya ubavu wa mtungi, akafumba macho. Akakaa hivyo muda. Akaenda kwa wa pili, akaweka shavu. Kisha akavuta pumzi ndefu. Nilisimama mlangoni nikiona haya, kama mtu aliyefumania jambo la siri. Nilidhani anaaga. Nilidhani anaipenda mitungi yake hivyo, kama watoto wake, anaibusu kabla haijaingia motoni. Nikazidi kujichukia.

Akafumbua macho, akatazama mawingu, akatazama barabara ya kutokea Moding. "Haya," akasema. "Toeni."

Tuliipanga uani, tukaizungushia kuni na kinyesi kikavu, tukafunika kwa nyasi. Moto ulipowaka nilikaa mbele yake nikiomba. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata mtawa hawezi. Kwa muda ilikuwa kimya, moshi tu, nikaanza kuamini kwamba nimefaulu.

Tuu!

Mlio kama wa gurudumu la lori likipasuka. Kuku wakatawanyika. Tuu! Wa pili. Halafu mfululizo, vipande vikiruka kutoka motoni, Mama Wandera akipiga kelele tuondoke karibu. Majivu yalipopoa tulifukua. Mitungi yote miwili ya Mama Amoit ilikuwa vigae. Vyungu vidogo vitatu tu vilikuwa vimepona. Na wakati huo huo bodaboda ikaingia uani, na Mama Amoit akashuka na magunia ya kufungia mitungi yake.

Hakuna aliyemsalimu. Alitazama, akaelewa, akaketi juu ya gogo.

Mama Wandera ndiye aliyesema. "Mimi sitaki kunyoosha mtu kidole. Lakini si kuna mtu alisema mwenyewe hayuko sawa? Halafu akaachwa ang'arishe na machozi?"

Macho yote yakaenda kwa Ajiambo. Yeye hakujitetea hata kidogo. Alikuwa ameshikilia kile kipande cha kibuyu, na nikaona kwamba anaamini. Ajiambo aliamini ni yeye. Nikajiona nimesimama pale na wema wangu wote wa juma zima, maji niliyochota, kuni, minofu, na hakuna hata kimoja kilichomfaa.

Nilijua nikifungua mdomo mkeka umekwisha. Ningerudi Malaba, kwa mama aliyeshindwa.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Ni mimi! Jiwe ya Ajiambo niliitupa kwa choo. Nilisema niko sawa na sikuwa sawa. Mimi ndio nimepasua."

Ajiambo alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Mama Wandera akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mnaona?" Shangazi akaokota kigae kinene cha kitako cha mtungi, akakigeuza geuza, akakitupa chini.

Jamani, ningekuwa yeye ningenyamaza. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe. Mteja ameona kwa macho yake ni mtoto mbaya kutoka Malaba, sifa ya mfinyanzi imebaki salama, na hakuna mtu katika ule ua angemwuliza lolote. Nimeliwazia jambo hili maisha yangu yote na bado naona ningenyamaza.

"Kosa la jiwe ni lako," Shangazi akaniambia. "Hilo utalijibu. Lakini mitungi usijibebeshe." Akageuka kwa Mama Amoit, na yule mwanamke mkali, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu hata chumvi, mikono yake ikaanza kushika shika leso. "Dada, ni mimi. Asubuhi nimeiweka shavuni, ikawa baridi. Baridi kabisa. Mtungi ukiwa baridi shavuni una maji ndani, haujakauka. Nimejua. Nimeogopa kukwambia ungoje, nikaichoma hivyo. Ni mimi nimekuharibia."

Kumbe hakuwa akiaga.

Mama Amoit hakuwa malaika. Alifoka, kwa Kiteso kwanza, halafu kwa Kiswahili ili tusikose kitu. "Na wakwe zangu watanyonyea wapi? Kwa sufuria? Kwa ndoo ya plastiki?" Shangazi alisimama akapokea lawama zote, hakurudisha hata moja. Kisha akaingia nyumbani, tukasikia maji yakimwagwa, akatoka na mtungi wake mwenyewe, ule tulionywea maji, uliofinyangwa na kukhu. Akauweka miguuni pa Mama Amoit. "Nenda na huu," akasema. Mama Amoit alipiga ubavu wake kwa ukucha, akasikiliza mlio, akaupakia. Kwa mwezi mzima baadaye tulikunywa maji ya ndoo yaliyonuka plastiki, na Shangazi hakutamka lolote.

Mimi nilikuwa nimeshakwenda kufunga nguo zangu. Shangazi akanikuta nazo mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Malaba."

"Nani amekutuma? Utamletea Ajiambo jiwe. Siku atakayosema limetosha, utashika udongo. Sasa toka hapo, lete maji."

Kuanzia siku hiyo, kila nilipotoka shuleni nilishuka mtoni kutafuta mawe. Ajiambo, ambaye alikuwa hanisemeshi, aliyapokea moja moja, akayatupa nyuma ya kisogo. Hili kubwa. Hili lina kona. Hili ni takataka gani? Sikujua msichana mkimya ana kiburi kiasi hicho. Nilihesabu kwamba ni haki yake na nikashuka tena. Mwishowe nilipata moja jeusi, umbo zuri, ila lilikwaruza. Hakulitupa. Akalipitisha shavuni, akanirudishia.

"Sugua."

Nikasugua. Nilitafuta mwamba nyuma ya migomba, mchanga na maji, nikasugua kila jioni mpaka vidole vikachubuka. Kila jioni nikampelekea, akalipitisha shavuni, akasema neno moja tu: "Bado." Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa. "Bado." Yakatoa mbelewele. "Bado."

Siku moja hasira yangu ya zamani ikarudi yote kwa mpigo. Nikalirusha lile jiwe kwa nguvu zangu zote, likapotelea ndani ya mahindi. "Na litafuteni nyinyi!" nikapiga kelele, ingawa hapakuwa na mtu. Nikakaa chini nikihema. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kusema limepotea, na kwa uongo mimi nilikuwa fundi. Mvua ikaanza. Nikainuka, nikaingia ndani ya mahindi, nikatambaa mstari kwa mstari nikipapasa matope mpaka nikalipata. Sikumwambia mtu. Mimi nasema kama kuna siku nilibadilika, ni hiyo, wala si ile ya kukiri. Kukiri kulinitoka mara moja kwa uchungu. Lakini kurudi kwenye mahindi nilirudi mwenyewe.

Ajiambo hakuwahi kusema limetosha. Jioni moja mahindi yakiwa yamevunwa alilipokea, akalipitisha shavuni, na badala ya kunirudishia akavuta chungu akaanza kung'arisha. Nilisimama pale nikingoja. Akasugua, akasugua, kisha bila kuinua kichwa akasogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Shangazi akakata donge la udongo, akalibwaga mbele yangu.

"Unangoja kusukumwa?"

Msimu uliofuata tulipofika kinamasini, Shangazi alisimama ukingoni kama kawaida. Lakini kabla ya kutuuliza sisi alianza na yeye mwenyewe. Alifanya hivyo mpaka alipozeeka asiweze kushuka.

Basi nyuma ya jikoni, siku ya mazishi, nilifungua kile kipande cha leso. Jiwe lilikuwa pale, jeusi, linang'aa kama macho ya ndama. Miaka yote ile Ajiambo amekuwa akilitumia. Nikamwambia nimesikia habari zake, kwamba mitungi yake sasa inavuka mpaka Uganda. Akasema naye amesikia habari zangu, kwamba wiki iliyopita nilimfokea karani wangu mbele ya madereva kwa kosa lililokuwa langu.

Nilishtuka. "Nani alikwambia?"

"Malaba ni mbali na Nambale?"

Ni kweli. Namba niliyoandika vibaya niliiandika mimi, na yule dada wa watu alilia chooni, nami nikanyamaza. Nikamwekea Ajiambo jiwe mkononi, nikamwambia, "Pima." Akaliweka shavuni, akafumba macho kama mama yake.

"Bado," akasema.

Tulicheka, halafu tukalia, tukishikana. Tulipomaliza alinirudishia jiwe. Jumatatu nitasimama ofisini mbele ya madereva wale wale niseme ni mimi. Lakini hiyo ilikuwa Jumamosi, na mwamba wangu bado upo pale nyuma ya migomba. Nikachota mchanga kwa kiganja, nikamwagia maji, nikakunja gauni langu la matanga, nikaketi.